Mbwa wa Getini Naye Huzeeka

Ukipita asubuhi kwenye barabara za vumbi za Goba, Madale au Kimara jijini Dar es Salaam, kule ambako nyumba mpya zinaota kila mwaka na kila nyumba ina ukuta, geti na kibao cha "Mbwa Mkali", utawaona pia mbwa wasio na ukuta. Wanalala kando ya bucha, nyuma ya kibanda cha mama lishe, au juu ya takataka za mtaa. Tunawaita mbwa koko na kuwapita. Mimi nimezoea kuwatazama shingo. Wengi ni koko kweli, wamezaliwa mtaani na mtaani watafia. Lakini hakosekani mmoja mwenye mstari mtupu unaozunguka shingo, manyoya yamelika na ngozi imekuwa ngumu, nyeusi. Mtaa hauwezi kuchora mstari ule. Umechorwa na mnyororo, kwa miaka. Huyo alikuwa na kwao, na alikuwa na jina lililoitwa jioni akakimbia kwenda kula. Na karibu kila ninapomwona mwenye mstari huo ni mzee: mdomo umeota mvi, macho yana ukungu, miguu ya nyuma inayumba.

Niseme mapema ninachoamini. Aliyemchukua mbwa amlindie nyumba amechukua pia uzee wake na kifo chake. Hakuna karatasi iliyosainiwa, lakini mbwa ametimiza upande wake kila usiku, mvua na baridi. Kumtupa anapochoka ni dhuluma, na dhuluma hiyo haiishii kwa mbwa. Inarudi mitaani kwetu, inawafikia watoto wetu, na inawaumiza watu tunaowatuma wakaimalize kwa niaba yetu.

Siku ya kununua hakuna anayeuliza

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mtu anahamia kwenye nyumba ambayo bado haijapigwa plasta. Anawaogopa wezi wa nondo na nyaya, anatoa laki kadhaa, analetewa mtoto wa German Shepherd ndani ya boksi. Watoto wanashangilia, wanambatiza Simba au Bosi, wanagombania kumbeba. Je, kuna anayeuliza siku ile huyu ataishi miaka mingapi?

Mbwa mwenye umbo kubwa wa jamii hiyo, akitunzwa, kwa kawaida huishi miaka 9 hadi 13. Akifika miaka 7 au 8 ameshaingia uzeeni. Mbwa wadogo huenda mbali zaidi. Maana yake ni kwamba mtoto aliyekuwa chekechea siku boksi lile lilipofunguliwa atakuwa anajiandaa na mtihani wa darasa la saba wakati mbwa anaanza kushindwa kuinuka. Hayo yote yanajulikana tangu siku ya kwanza. Uzee wa mbwa haumvamii mtu kwa ghafla, ila hatuuweki kwenye hesabu. Tunahesabu chakula, tunahesabu banda, wachache wanahesabu chanjo. Miaka mitatu ya mwisho haimo popote.

Si mvivu, anaumwa

Katika nyumba nyingi uzee wa mbwa husomwa kama uvivu au ukaidi. "Siku hizi habweki," baba mwenye nyumba analalamika, "tunamlisha bure." Habweki kwa sababu hasikii. Masikio yamekufa taratibu, hakuna aliyegundua. Wengine wanasema amegeuka mkali kwa watoto wa nyumbani. Ukiuliza vizuri unaambiwa mtoto alimgusa mgongoni akiwa usingizini. Hakusikia nyayo, akashtuka, akarusha meno. Fimbo haitibu hilo. Watoto wafundishwe kumwendea kwa mbele, wapige mguu chini ahisi mtikisiko, wasimguse kabla hajawaona.

Mtazame anavyoinuka alfajiri. Mbwa mwenye maumivu ya viungo hutanguliza miguu ya mbele na kubaki hivyo kidogo, nusu amekaa nusu amesimama, kisha hujikaza na kuivuta ya nyuma. Akishatembea kidogo mwili hupata joto, anaonekana mzima, na mwenye nyumba anasema hana kitu. Angalia kucha: zimerefuka na kupinda, kwa sababu hatembei vya kutosha kuzisaga. Angalia viwiko: vina sugu za kijivu zisizo na unyoya hata mmoja, alizozipata kwa kulala juu ya saruji mwaka hadi mwaka. Kuinuka kwa shida namna hiyo mara nyingi ni baridi yabisi. German Shepherd hasa wanajulikana kwa nyonga zisizokaa sawasawa kwenye tundu lake, tatizo la kurithi linalomwandama mbwa hadi uzeeni. Nafuu yake ya kwanza haiko hospitali. Ni godoro chakavu au magunia yaliyokunjwa chini ya kivuli, ni kumfungua mnyororo azunguke uani polepole asubuhi na jioni, na kama amenenepa, kumpunguzia chakula. Mbwa mnene akipungua uzito, viungo hupumua bila kidonge hata kimoja.

Macho nayo huwachanganya watu. Ule ukungu wa rangi ya samawati unaoonekana kwa mbwa wengi wazee mara nyingi ni kukomaa kwa lenzi tu. Bado anaona, ingawa si kama zamani. Mtoto wa jicho ni habari nyingine, huziba mboni kwa weupe pepepe. Na hata aliyepofuka anaijua nyumba yake kwa pua na kwa kumbukumbu, mradi msimhamishie sufuria ya maji kila siku wala kumwachia ndoo na baiskeli njiani.

Kinachonitisha kuliko yote kinatoka kwenye kabati la dawa. Mbwa analia usiku, mtu mwenye huruma anachukua diklofenaki au ibuprofeni iliyobaki tangu bibi alipoumwa mgongo, anaiponda kwenye ugali. Jamani, tusifanye hivyo. Dawa hizo humtia mbwa vidonda vya tumbo, huanza kutoa kinyesi cheusi kama lami, na figo zake hufa. Panadol nayo inaweza kuliharibu ini lake. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kaprofeni na meloksikamu kwa mfano, na daktari wa mifugo huzitoa kwa kipimo cha uzito, tena kwa mbwa mzee inafaa figo ziangaliwe kwanza. Mabaki ya mchuzi yenye vitunguu vingi nayo si ya kumpa. Vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu yake.

Halafu kuna suala la mkojo, ambalo limewapigisha mbwa wazee wengi kuliko kosa lolote. Mbwa aliyekuwa msafi miaka yote anaanza kukojoa barazani. Anafokewa, anachapwa, anasukumwa nje. Kabla ya kushika ufagio jiulize: anakunywa maji kiasi gani? Mbwa anayemaliza ndoo na kurudi kutafuta tena anaweza kuwa na figo zinazochoka au kisukari. Akiwa jike ambaye hajatolewa kizazi, na wiki chache zimepita tangu alipotafuta dume, kuna jambo la hatari zaidi: usaha ndani ya kizazi.

Jirani yangu, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu, alikuwa na jike wa kienyeji aliyeitwa Popi, mwenye miaka tisa hivi. Popi aliacha chakula, akawa anakunywa maji bila kushiba. Waliomtazama walisema ni joto la Februari. Mama yule hakuridhika. Alimgeuza, akaona tumbo limevimba na chini ya mkia kuna majimaji yenye harufu. Alimpakia kwenye bajaji, akamfunika khanga, akampeleka kwa daktari siku ileile. Alipopasuliwa, kizazi kilitoka kimejaa usaha. Angesubiri siku mbili tatu, kingepasuka ndani. Popi aliishi miaka mingine, bila kizazi, akilala mlangoni mwa jikoni. Ninalitaja hili kwa sababu kumtoa kizazi jike angali kijana kunaondoa karibu kabisa hatari hiyo, na kukifanywa mapema kunapunguza sana uvimbe wa matiti ambao nao huwala majike wazee. Ni upasuaji mmoja, wakati ana nguvu.

Gunia

Sasa nizungumzie jambo ambalo hatulisemi mezani. Mbwa anapokuwa mzigo, ni nani anayeagizwa? Sijasikia baba mwenye nyumba aliyekwenda mwenyewe. Anaitwa kijana wa bustani, au mlinzi, au dada wa kazi anaambiwa amtafute mtu. Anapewa elfu kumi na gunia. "Kampeleke mbali." Hakuna anayeuliza mbali ni wapi. Wakati mwingine ni porini njia ya Kibaha, wakati mwingine ni jiwe, wakati mwingine ni sumu ya panya kwenye kipande cha nyama, na mbwa anatapatapa usiku kucha.

Fikiria ni nani aliyekuwa akimlisha mbwa yule. Ni kijana huyohuyo. Ndiye aliyemtoa kupe kwa vidole, ndiye aliyemfungulia jioni, ndiye mbwa anayemfuata kwa hiari hadi kwenye gunia kwa sababu anamwamini. Mwajiri amenunua mikono ya mtu amalize uhai ambao yeye mwenyewe anaona haya kuutazama. Nimewasikia vijana wakisimulia kazi hiyo kwa sauti ya chini, miaka baadaye, nao ni watu wazima wenye watoto. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Uungwana gani unaotupia maskini wa nyumba dhambi ya tajiri wa nyumba?

Na watoto? Wanarudi shule, banda liko wazi. Wanaambiwa Simba ametoroka, au amepelekwa shamba. Mtoto anakwenda getini siku kadhaa kumsubiri. Akija kujua ukweli, na watoto hujua, amejifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba wazazi wake husema uongo, na kwamba aliyezeeka hutolewa nje. Bibi yuko chumba cha uani anasikia yote.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina Sura ya 360 inayozuia ukatili dhidi ya wanyama, na zote zinafanya kumtesa mnyama kuwa kosa. Nairobi kuna shirika la KSPCA linalopokea wanyama waliotupwa na kuwatafutia makazi. Lakini sheria haifiki nyuma ya ukuta wenye vigae juu, na mbwa haendi kituo cha polisi.

Aliyetupwa hupita kwa watoto wa wenzio

Mtu anaweza kusema mbwa ni wangu, haiuhusu mtaa. Inauhusu mtaa sana. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya binadamu wanaougua kichaa cha mbwa wameupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Miongoni mwa waathirika wamo watoto wengi walio chini ya miaka 15, hawahawa wanaokatiza vichochoro kwenda shule na wanaopenda kumrushia mawe mbwa aliyelala.

Mbwa mzee aliyetupwa hana wa kumpeleka kwenye chanjo. Kinga aliyopata nyumbani inaisha, naye yuko katikati ya koko wanaogombania mifupa. Upande wa pili, nyumba iliyomtupa imeshaleta mtoto mwingine wa mbwa ambaye hajachanjwa. Wataalamu wanatuambia kwamba mbwa wapatao asilimia 70 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Je, tutaifikia vipi 70 hiyo ikiwa kila mara tunawatoa waliochanjwa na kuingiza wasiochanjwa? Mbwa mzee mwenye kadi ya chanjo, anayelala ndani ya geti, ni sehemu ya kinga ya mtaa mzima hata kama hawezi tena kumkimbiza mwizi.

"Mtoto hana ada, wewe unazungumzia mbwa"

Hoja hii nimeshaambiwa mara nyingi, na siibezi. Wapo wanaogawa dozi ya mtoto nusu kwa sababu fedha haikutosha. Hakuna mwenye akili atakayemwambia mzazi huyo amfanyie mbwa kipimo cha damu. Lakini tuitazame hoja yenyewe inasemwa na nani. Mara nyingi aliyeniambia hivyo ana gari mbili uani. Mwenye kipato kidogo, kama mama wa kijijini mwenye mbwa mmoja wa kufukuza ngedere shambani, ndiye ninayemkuta amemtandikia mbwa wake gunia kuukuu karibu na jiko, amemloweshea ugali kwa supu ya dagaa kwa sababu meno yameisha.

Sehemu kubwa ya matunzo ya mbwa mzee haigharimu kitu. Maji safi muda wote. Kivuli. Chakula laini, kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku badala ya sufuria moja ya usiku. Kumwondoa kwenye saruji. Kumkagua kupe, kwa maana homa ya kupe inayompitia kijana humlaza mzee. Kumkata kucha. Kumwachia mbwa kijana zamu ya getini huku mzee akibaki karibu. Anayefuga atakwambia kijana hujifunza mengi kwa mzee, hasa kumtambua mwenyeji na mgeni. Na pale inapohitajika fedha, hiyo ndiyo kiinua mgongo chake. Mtu aliyekulindia mali miaka kumi bila mshahara, ukampa chochote mwishoni, bado wewe ndiye uliyefaidi zaidi.

Wapo pia wanaoniambia kwamba mbwa ni najisi, hivyo wasisumbuliwe na habari zake. Naheshimu twahara ya watu, na nyumba nyingi za pwani zina sababu ya kumweka mbwa nje na mbali na vyombo. Lakini fiqhi hiyohiyo inamtambua mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na kila aliyepita madrasa amesikia hadithi, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, ya aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa kwa tendo hilo. Hakutakiwa kumlaza kitandani. Alimpa maji.

Sindano ya mwisho

Linafika lile ambalo godoro na supu haviwezi kulizuia. Kilicho na mwanzo hakikosi mwisho. Swali ni lini, na namna gani.

Kuna daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, aliyetengeneza kipimo cha mambo saba: maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 maisha bado yanafaa kuendelezwa. Kutia alama uhai kunanipa uzito moyoni. Hata hivyo kipimo kile kina faida moja ambayo nimeiona: kinawakalisha watu wa nyumba pamoja. Baba anayemwona mbwa saa tatu usiku atampa furaha alama nane, kwa sababu mkia bado unatikisika anapoingia. Kijana anayemwosha mkojo tumboni kila asubuhi na kuona vidonda vya kulala atampa mbili. Msikilizeni kijana.

Kumngoja mbwa "afe mwenyewe" mara nyingi si huruma, ni kuogopa uamuzi. Mwenye figo zilizokufa au kansa iliyosambaa haondoki usingizini kwa utulivu kama tunavyotamani. Huchukua siku, na siku hizo ni za kichefuchefu, kiu na nzi. Daktari akiitwa, kwa kawaida hutanguliza dawa ya kutuliza, kisha huingiza pentobabitali kwenye mshipa wa mguu wa mbele, dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa mno. Fahamu hutoka ndani ya sekunde, moyo husimama baada ya dakika chache. Macho hubaki wazi, na huenda pumzi moja ikatoka baadaye, au mkojo. Haumii tena. Ni vizuri familia ielezwe hayo kabla, isije ikadhani ameteseka. Na mwenye mbwa akae naye, amshike kichwa, amwite jina. Mbwa amezoea kusikia jina lake kwa mtu mmoja.

Mtoto aambiwe amekufa. Asiambiwe amelala, maana usiku naye atalala. Kaburi lichimbwe refu, mbali na kisima, lifukiwe vizuri kwa mawe juu, kwa sababu dawa ile hubaki mwilini na mnyama au ndege atakayefukua na kula anaweza kufa. Na kama mbwa alibadilika ghafla, anatoa mate, anang'ata hovyo, huenda ni kichaa cha mbwa, na hapo hakuna kumshika wala kumzika wenyewe. Anaitwa mtaalamu wa mifugo, na yeyote aliyeng'atwa anaosha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15 na kukimbilia kituo cha afya.

Yote haya yanahitaji daktari anayepatikana, na hapa ndipo halmashauri zetu zinapotuangusha. Afisa mifugo wa kata amezoeshwa kuitiwa ng'ombe na kuku. Ukimwita kwa mbwa mzee anashangaa. Tuna wasomi wa tiba ya wanyama wanaotoka Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, na jirani zetu wa Kenya wanao wa Kabete, wanaojua kutibu mbwa na wanaojua kumpumzisha. Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, watu hupanga foleni na mbwa wao kwenye viwanja vya shule. Foleni hiyohiyo itumike. Mbwa wa kuanzia miaka saba waandikwe pembeni, wakaguliwe meno, tumbo na miguu, wenye nyumba waelezwe dawa zipi ni sumu, na waambiwe wazi kwamba siku ikifika kuna sindano, inatolewa nyumbani, na hakuna haja ya gunia. Bei yake ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, na chini yake namba ya simu inayopokelewa hata Jumapili.